Mwenzako kaumia na baiskeli mbili ziko Mtwara: mkae Mikindani, mkutane kwa basi, mkodi bajaji au mrudi nyumbani?

Chukua ratiba ya siku nane kwa watu wawili: Mtwara, Mikindani, Lindi, kurudi mpaka Mingoyo na kukata kwenda Nyangao, Ndanda na Masasi, kupanda Newala, kupita Tandahimba, kushuka Mtwara. Ni kama kilomita 450. Siku ya pili mmoja anateleza kwenye mchanga uliotawanyika juu ya lami, anaangukia bega. Au safari haijaanza, mguu umeteguka kwenye ngazi za nyumbani, na likizo imeshaidhinishwa kazini, haisogezeki.

Swali linalotoka kwanza huwa "tupunguze kilomita ngapi?" Halisaidii. Kushusha hatua ya siku kutoka kilomita 80 hadi 40 hakumfai mtu asiyeweza kubana breki. Ulizeni mawili: kiungo gani kimeumia, na aliyeumia atakuwa akifanya nini kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni? Safari hizi huharibikia kwenye hilo la pili. Mzima anaendesha na kufurahi, majeruhi anageuzwa mlinzi wa mabegi kwenye nyumba ya wageni, anahesabu mizunguko ya feni. Machaguo yote hapa chini tumeyapima kwa kipimo hicho kabla ya gharama.

Kwanza picha, na tarehe ya picha ya pili

Msichague lolote kabla ya eksirei, isipokuwa jeraha ni la kifundo cha mguu na dalili ni njema. Kwa kifundo kuna kipimo rahisi cha madaktari: kama hawezi kukanyaga hatua nne, hata kwa kuchechemea, au ukibonyeza ukingo wa nyuma wa nundu mojawapo ya kifundo anaruka kwa maumivu, apigwe picha. Akitembea hatua nne na nundu haziumi zikibonyezwa, mara nyingi ni kano tu.

Mkono una mtego wake. Aliyeangukia kiganja na anaumia chini ya kidole gumba anaweza kupigwa picha ikaonekana safi kumbe kijifupa cha hapo kimepasuka. Ufa huo mara nyingi huonekana kwenye picha ya pili, baada ya siku 10 hadi 14. Mtulinga nao, ule mfupa wa mbele ya bega unaovunjika mno kwa waendesha baiskeli, huangaliwa tena baada ya wiki moja au mbili kuona kama vipande vimesogea. Tarehe hiyo ndiyo msumari wa ratiba yenu. Popote mtakapokuwa siku hiyo, pawe karibu na hospitali yenye picha na mtu wa kuisoma. Mtwara ipo Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iko Mitengo, ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Lindi ipo Sokoine. Njia ya Masasi kuna hospitali za misheni Nyangao na Ndanda, kisha Mkomaindo pale Masasi mjini. Katikati ya Mikindani na Mingoyo msitegemee zaidi ya huduma ya kwanza.

Kama gari au bodaboda ilihusika, pitieni polisi mkachukue PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, siku hiyo hiyo. Ipigeni picha, nakala ikae kwenye simu zote mbili, kwa sababu bima nayo itaiuliza.

Na kukandwa hapana. Wakandaji wenye mikono ya chuma hawakosekani mtaa wowote, na nia yao ni njema, lakini mfupa mbichi ukikandwa vipande husogea, na mtulinga ambao ungeunga kwa kutulia tu unageuka wa kupasuliwa.

Jedwali la kuanzia

| Kilichoumia | Kambi Mikindani | Kukutana kwa basi | Bajaji ya kukodi |
|---|---|---|---|
| Mtulinga uliovunjika, bila upasuaji | Ndiyo, kuanzia siku ya 3 au 4 | Hatua moja tu, tena baada ya wiki ya kwanza | Hapana, mtikisiko |
| Mkono wenye hogo (plasta ngumu, P.O.P.) | Ndiyo | Ndiyo, mizigo ibebwe na mwingine | Vipande vifupi |
| Kifundo cha mguu kilichoteguka | Ndiyo, ndilo bora | Tabu, ngazi za basi | Ndiyo |
| Mguu wenye hogo | Kwa chumba cha chini chenye choo cha kukaa | Hapana | Isizidi km 20 |
| Kichwa kilichogonga na fahamu kupotea, hata dakika moja | Mrudi | Mrudi | Mrudi |

Kambi moja Mikindani

Kwa jeraha lolote la wastani, hili ndilo tunaloliweka mbele. Mnachukua chumba kimoja kwa siku tano au sita, baiskeli inatoka asubuhi na kurudi, na hakuna anayefungasha mzigo kila kukicha. Mikindani iko kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini, daladala na bajaji zinapita siku nzima, na hospitali zote mbili za Mtwara zinafikika kwa mwendo mfupi.

Kwa nini Mikindani, si Mtwara penyewe? Kwa ajili ya majeruhi. Mji mkongwe ni mdogo, kando ya ghuba njia haina milima, na kuna kitu cha kutazama kila baada ya hatua chache: milango ya mbao iliyochongwa, magofu ya nyumba za mawe, mitumbwi ikitoka na kurudi na maji. Mtu mwenye mkono shingoni anaweza kutembea mwenyewe saa nzima bila kumsubiri mwenzake. Mwenye magongo ana mipaka: boma la Wajerumani la 1895 liko kwenye mwinuko, na mchanga wa pwani humeza gongo. Kipira cha chini ya gongo huliwa haraka na changarawe. Kikiisha, fundi baiskeli yeyote atakukatia kipande cha tairi kuukuu na kukifunga kwa mpira wa tyubu, kinashika kuliko kile cha dukani. Sakafu ya bafu lenye vigae likilowa, hata hicho hakitoshi. Kaa kwenye kiti cha plastiki uoge kwa kopo.

Kuhusu chumba, kabla ya kulipa ingieni mpaka chooni. Hogo la mguu na choo cha kuchuchumaa haviendi pamoja hata kidogo, na kwenye simu utaambiwa tu "choo kipo ndani, self". Ulizeni: ni cha kukaa? Chumba kiko chini au juu? Kuna kizingiti mlangoni kwenda bafuni? Kizingiti cha sentimita 15 hakuna anayekitaja, na ndicho kinachomwangusha mtu saa nane usiku akitafuta swichi.

Hogo lisilowe. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo ule ushauri wa "valisha mfuko wa rambo" haupo tena. Tumieni plastiki nene ya vifungashio, izungusheni mara mbili, kisha kateni pete ya tyubu ya baiskeli upana wa vidole viwili na kuivuta juu ya ukingo wa plastiki. Pete ikamate bila kubana: kidole kimoja kipite chini yake. Itolewe mara tu baada ya kuoga. Ikisahauliwa saa nzima, vidole vitavimba chini ya hogo, na uvimbe ndani ya hogo ni jambo la hospitali. Siku mbili za kwanza baada ya kufungwa angalieni vidole kila baada ya saa chache: vikipauka au kuwa vya bluu, vikifa ganzi, au maumivu yakipanda badala ya kushuka, hogo lipasuliwe siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa mwendeshaji. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi ndiyo yenye mamlaka pwani hii. Asubuhi ni shwari, kadiri jua linavyopanda upepo wa kusini-mashariki unazidi. Kwa safari ya kwenda na kurudi ana faida: atoke asubuhi kuelekea upande upepo unakotoka, arudi mchana akisukumwa. Njia ya Mtwara kwenda Msimbati, kijiji cha pwani upande wa kusini-mashariki, inakaa hivyo kabisa. Ni zaidi ya kilomita 40 kutoka Mtwara mjini, na mbele kuna mchanga wa kweli. Tairi nyembamba za baiskeli ya mjini zitazama, na mtu atasukuma. Tairi ya upana wa inchi 2 iliyoshushwa hadi psi 25 au 30 inapita, mradi apandishe tena akirudi kwenye lami, la sivyo rimu itabana tyubu kwenye shimo la kwanza, na pancha hiyo huacha matundu mawili sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Akitoka Mikindani na kurudi siku hiyo hiyo ni zaidi ya kilomita 100, siku nzito. Bora aende siku ambayo wote mnakwenda: majeruhi na gari la kukodi, yeye na baiskeli, wakutane Msimbati saa tano, baiskeli ipakiwe wakati wa kurudi. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo ulizeni habari ya kiingilio kabla ya kuondoka mjini.

Siku nyepesi ya pamoja ni Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba ya Mtwara. Majeruhi anashukia kivukoni kwa bajaji, mwendeshaji anafika kwa baiskeli, mnavuka pamoja. Ng'ambo mwendeshaji azunguke vijijini saa mbili, majeruhi akae kivulini na dafu.

Mpangilio unaodumu ni siku moja ya baiskeli ya kurudi kabla ya saa sita, siku moja ya pamoja. Mzima akiendesha kila siku mpaka jioni, siku ya tatu mtakula chakula cha usiku mkiwa mmenyamaza. Udhaifu wa kambi ni huo tu, pamoja na ukweli kwamba njia za lami kutoka Mikindani zinakwisha upesi: Mtwara, njia ya Lindi, na njia ya Newala ambayo lami yake ya kwanza ni kilomita 50 mpaka Mnivata. Mwendeshaji mwenye miguu ya moto ataanza kurudia njia siku ya nne.

Kukutana kwa basi

Hapa ratiba ya asili inabaki karibu yote. Mmoja anaendesha, mwingine anapanda basi au kosta na mizigo, jioni mnalala pamoja. Kwenye karatasi linavutia. Lina kasoro moja kubwa: majeruhi ndiye anayefika kwanza, peke yake, na mizigo ya watu wawili, kwa mkono mmoja.

Hesabu ya Mikindani hadi Lindi ni hii. Kilomita 95 hivi, mwendo wa kilomita 16 kwa saa bila mizigo mizito, ni saa sita za kukanyaga na mbili za kupumzika. Akitoka saa kumi na mbili asubuhi anaingia Lindi saa nane mchana. Basi linachukua kama saa mbili. Kwa hiyo majeruhi hana haja ya kukimbilia gari la alfajiri: atoke saa tatu au saa nne, afike akute chumba kimeshafanyiwa usafi, apumzike.

Mizigo yote iingie kwenye begi moja la kuvuta au shangazi kaja moja, na kamwe lisiwe begi la mgongoni kwa mwenye mtulinga. Mkanda unapita juu ya mfupa wenyewe. Stendi ya kuanzia, mzima anapakia. Stendi ya kushukia, atafutwe kijana mmoja wa kubeba kutoka butini mpaka bajaji, bei itajwe kabla hajagusa begi.

Kiti nacho ni hesabu. Mwenye mtulinga akae upande ambao bega bovu linaelekea dirishani, na kanga iliyokunjwa iwekwe kati ya bega na ubavu wa gari. Akikaa njiani, kila anayepita na ndoo au mtoto atamgusa. Mwenye mguu hataki dirisha, lakini akinyoosha mguu njiani utakanyagwa, kwa hiyo ni kiti cha mbele kabisa au abaki kambini. Mkono uning'inizwe kwa kanga iliyokunjwa pembetatu, fundo likae pembeni ya shingo, si juu ya uti. Mwenye hogo la mguu, akilazimika kupanda gari, asikae zaidi ya saa moja na nusu bila kushuka na kuchezesha vidole; kukaa muda mrefu mguu ukiwa umefungwa ndiko kunakoleta damu kuganda kwenye mishipa.

Baiskeli ya majeruhi ibaki Mtwara. Hatuoni sababu ya kuizungusha. Itakula nafasi, itaombewa nauli ya mzigo kila stendi, na ndiyo itakayopindishwa.

Baiskeli ya mzima itapanda gari mara moja, wakati wa kurudi, maana kutoka Lindi kwenda Mtwara kusi inakupiga usoni mchana kutwa. Ipangeni hivi: toa gurudumu la mbele, fungua pedali zote mbili kwa spana namba 15, ukikumbuka kwamba pedali ya kushoto inafunguka kwa kuzungushwa upande wa mishale ya saa, kinyume na ulivyozoea, geuza usukani ulale sambamba na fremu, shusha kiti. Kipande cha mti cha upana wa kitovu cha gurudumu kibane kati ya mikono ya uma wa mbele, usije ukabanwa na magunia. Ilazwe upande wa cheni ukiwa juu. Gea ya nyuma ikilaliwa na gunia la dagaa, kishikio chake kinapinda milimita chache, na hizo zinatosha kuifanya cheni iingie kwenye spoku ukihamisha cheni kwenda kwenye meno makubwa ya nyuma siku inayofuata. Ndipo mtu anapokwama porini na kulaumu fundi.

Mapatano yafanyike kabla ya kupakia:

"Kaka, nina baiskeli moja, tairi la mbele nimeshatoa. Buti lina nafasi?"

"Ipo dada, ila na yenyewe inakatiwa."

"Sawa, nitajie sasa hivi, uiandike kwenye tiketi. Na isilale chini ya magunia."

Kisha simameni hapo mpaka mlango wa buti ufungwe.

Mawasiliano: wekeni sehemu mbili za kutuma ujumbe, si simu. Kwa Mikindani–Lindi ya kwanza iwe katikati ya njia, ya pili njia panda ya Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, ambapo zimebaki kilomita 20 na kitu kuingia Lindi. Kila mmoja awe na pesa kwenye simu yake. Na kuwe na saa ya mwisho: ikifika saa kumi jioni hajatuma ujumbe wa Mnazi Mmoja, anayesubiri anaanza kupiga simu na kutafuta gari. Giza la huku halichelewi sana baada ya saa kumi na mbili.

Tukilinganisha na kambi: basi linashinda kwa mwenye hogo la mkono ambaye ni mtu wa safari, anayependa stendi, masoko na kuongea na watu. Linashindwa vibaya kwa mguu, na kwa wiki ya kwanza ya mtulinga. Na hata linaposhinda, mkomee Lindi na Ndanda. Kupeleka mpango huu mpaka Newala ni kujitakia: mwendeshaji ana mlima, majeruhi ana barabara ndefu isiyo na hospitali kubwa karibu, na kati ya Mnivata na Masasi kazi ya lami, kama haijakwisha, inaigawa njia vipande vipande, ambavyo mvua ikipiga huwa utelezi.

Bajaji au kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) ya kufuatana

Watu huiona kama suluhisho la kitajiri. Mara nyingi ni suluhisho la vumbi. Bajaji haijaundwa kutambaa nyuma ya baiskeli kwa kilomita 16 kwa saa: klachi inachoka, injini inachemka, na malori yanakuta vitu viwili vya polepole badala ya kimoja. Dereva anayejua kazi hutangulia kilomita 15, anaegesha chini ya mkorosho, mnakutana, anatangulia tena. Hapo majeruhi ananunua ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, anapiga soga, mwendeshaji anafika na maji yanakuwa tayari. Kwa mguu uliotegemezwa kwenye kiti chote cha nyuma, mto chini yake, ni raha kuliko basi. Kwa mtulinga ni mateso, kwa sababu magurudumu matatu hayawezi kukwepa shimo: ukilipitisha katikati ya mawili ya nyuma, la mbele linaingia.

Bajaji nyingi zina leseni ya kufanya kazi mjini tu. Kabla ya kwenda mbali muulizeni dereva kama anaruhusiwa njia hiyo, asije akarudishwa na trafiki njiani na ninyi mkabaki na mabegi. Kirikuu haina tatizo la magurudumu matatu, inabeba baiskeli zote mbili nyuma, na abiria mmoja anakaa mbele. Mkubaliane manne kwa mdomo na kwa ujumbe wa simu: mafuta ni ya nani, dereva anakula kwa nani, akilala njiani analala kwa nani, na siku inahesabika kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Lile la dereva kulala ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloleta ugomvi saa moja usiku.

Kwa gharama, chaguo hili liko juu ya mengine yote kwa siku. Lina maana kwa siku moja au mbili ndani ya kambi, kama ile ya Msimbati, si kwa wiki nzima.

Kuahirisha

Ahirisheni bila mjadala kama kichwa kiligonga na fahamu zikapotea au anatapika, kama mfupa umetoboa ngozi, kama ameambiwa atapasuliwa, au mgongo unauma na mguu mmoja una ganzi. Mwenye hogo jipya anayerudi Dar kwa ndege awaulize wa shirika kabla ya kukata tiketi. Ndani ya saa 24 hadi 48 za kwanza mengi hayakubali hogo lililofungwa mzunguko mzima bila kupasuliwa ufa, maana mguu huvimba angani.

Kwa majeraha mengine hesabu ni ya kalenda. Mtulinga wa mtu mzima huchukua wiki 6 hadi 12 kuunga. Aliyeanguka katikati ya Julai, mfupa ukichelewa kuunga, anaruhusiwa kurudi kwenye baiskeli Septemba mwishoni au Oktoba. Oktoba huku joto limepanda, korosho zimeanza kushuka kwenda maghalani na bandarini, malori yamejaa barabara ya Masasi na nyumba za wageni zimejaa wanunuzi. Novemba au Desemba mvua zinaingia. Kwa hiyo "tusogeze miezi mitatu" mara nyingi maana yake ni Juni ya mwakani. Mkijua hivyo mapema, ombeni wenye chumba wawabadilishie tarehe badala ya kurudisha hela. Kwa tarehe wanakubali upesi zaidi.

Mawili ya kuacha

La kwanza ni kumpakia majeruhi kwenye keria. Ni kweli vijijini watu wazima hubebwa hivyo kila siku, wakaenda shamba na kurudi. Lakini abiria wa keria hushika kwa mikono miwili na kuruka chini baiskeli inapoyumba. Mwenye jeraha hana mojawapo. Breki nazo, hasa zile za vyuma za baiskeli za kizamani, hazijapangiwa kilo 150 kwenye mteremko.

La pili ni kuendesha kwa mkono mmoja. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha baiskeli. Ukiunganisha zote mbili kwenye kishikio kimoja bado usukani unashikwa na mkono mmoja, na tairi likigusa ukingo wa lami unaangukia upande ule ule ulioumia.

Na kwa vyote viwili dawa huwa kishawishi: "nimemeza, sihisi kitu." Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Dawa za maumivu zenye nguvu kama tramadol hazikutani na uraka, pombe ya mabibo, hata kama ni msimu wa mabibo na mwenyeji amekukaribisha kwa heshima zote.

Akianza kupona katikati ya likizo

Hutokea kwa kifundo cha mguu, na hapo kambi inaonyesha faida yake, maana baiskeli yake iko karibu. Kano iliyovutika kidogo inaweza kuruhusu kukanyaga pedali baada ya wiki moja hadi tatu, mara nyingine kabla mtu hajaweza kutembea umbali mrefu, kwa sababu pedali haibebi uzito wote. Vipimo ni vitatu: atembee bila kuchechemea, asimame kwa mguu huo peke yake sekunde 30, aruke kutoka kwenye baiskeli iliyosimama na kukanyagia mguu huo bila kusita. Hicho cha tatu ndicho wengi hukiruka, na ndicho kitakachomsaidia bodaboda ikikata mbele yake. Kwa mkono uliotolewa hogo: asukume ukuta mara kumi, kisha abane breki kwa nguvu mara ishirini. Maumivu yakija, bado.

Akifaulu, gea iwe nyepesi, katikati ya unyayo ikae juu ya pedali badala ya vidole, na safari ya kwanza iwe Mikindani hadi Mtwara tu, asubuhi, bila mzigo. Arudi kwa bajaji, baiskeli ikifungwa nyuma. Uamuzi wa kesho yake ufanywe kesho yake, baada ya kuamka na kuangalia kifundo kimevimba kiasi gani.

Baiskeli inayosubiri hapo pwani nayo isisahauliwe: hewa ya chumvi hupandisha kutu kwenye cheni ndani ya siku chache. Ipanguse, itie oili kidogo kila kiungo, ifunikwe kwa kanga kuukuu, na isiegeshwe barazani upande wa bahari.